Kigelegele Kutoka Langoni Hadi Mkekani

Sijawahi kuosha sufuria kwenye arusi ya mtu. Naanza na hilo kwa sababu wanawake wengi wa umri wangu pale Rugenge, mtaa wetu wa Uvira, hawawezi kulisema bila kukohoa kidogo.

Kwetu, bibi arusi alipoletwa kwa wakwe zake, mwanamke mmoja wa upande wa bwana arusi alisimama langoni na kumpokea kwa kigelegele. Kimoja tu, cha pumzi moja, huku akitembea kando yake, cha kumsindikiza kutoka langoni mpaka kwenye mkeka aliotandikiwa mbele ya mlango. Na bibi arusi aliyelelewa vizuri hatembei, anajikokota: kichwa chini, hatua fupi, kana kwamba amewekewa mayai njiani. Kadiri alivyochelewa ndivyo mama yake alivyosifiwa. Basi mpigaji alitakiwa awe na mapafu kweli. Kikikatika kabla bibi arusi hajakaa, wanawake walivunjika mbavu kwa kicheko, na yule aliyekatikiwa alijifunga kitenge kiunoni akaenda kuosha sufuria zote za karamu, na masizi yake na ukoko wake. Wapo waliosema kwamba kigelegele kikikatika ndoa nayo inaingia na ufa, lakini hao hawakosi la kusema. Mimi niliogopa sufuria.

Nilikuwa nikiuza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Nilizinunua kwa wavuvi wa bandari ya Kalundu asubuhi, nikazianika juu ya neti, nikauza zilizokauka sokoni, na wale samaki wakubwa niliwapaka chumvi kwa mikono yangu mwenyewe. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, mtu mpole wa maneno machache, na hayo machache aliyaweka akiba kwa ajili ya kunitania. Mimi upole sina. Ungenikanyaga mguu sokoni ningekwambia ukweli wa kwenu mpaka kizazi cha babu. Lakini siku ya arusi hata niliogombana nao walituma mtoto kuniita, maana kigelegele changu kilitoka Rugenge kikasikika chini ziwani, na sioni haya kujisifu.

Halafu vita vikaja, vikaenda, vikarudi na watu wengine. Mji ulishikwa mara na hawa, mara na wale, na sisi tukajifunza kupika upesi na kulala na nguo za mchana. Arusi hazikukoma. Watu waliokaa wakisikiliza milio milimani usiku kucha hawakutaka kuahirisha jambo lolote jema, kwa hiyo waliooana walioana haraka, mchana, kabla ya saa ya kufungiwa ndani. Nilikuwa na kazi kuliko zamani.

Mpaka siku moja nikapiga kigelegele kwenye arusi iliyokuwa karibu na kizuizi cha askari. Sijui walisikia nini masikioni mwao. Walijitupa wote kwenye mtaro, mmoja akapoteza kiatu, na mkuu wao akatoka ofisini na povu limemjaa mashavuni maana alikuwa ananyoa ndevu. Jioni hiyo ilitangazwa kwamba vigelegele ni ishara kwa adui na vimepigwa marufuku katika mji mzima. Mume wangu alikuwa wa kwanza kunipongeza. Alisema tangu vita vianze hajasikia mtu mwingine wa ukoo wetu aliyeangusha kikosi kizima bila bunduki.

Marufuku ile ilikaa mvua zikaanza na zikaisha. Tukafanya nini? Tukatumia vitambaa. Bibi arusi alipoingia tulichomoa leso zetu kifuani tukazipunga juu ya kichwa chake, kimya, tukiwa tumeuma midomo, na machozi ya kucheka yanatutoka. Mtoto alipozaliwa, bibi yake alitoka nje akapunga kitambaa akiwa amesimama kwenye mvua, na sisi tuliokuwa ng'ambo ya njia tukapunga vyetu. Mtu mgeni angedhani mtaa mzima umerukwa na akili. Nakiri nilizipenda sana siku hizo za vitambaa.

Katika mvua hizo hizo kijana wangu, mtoto wangu wa pekee, alipata mchumba. Walikutana wakikimbia. Familia ya binti ilitoka kwao tambarare, upande wa Kamanyola, mapigano yalipoingia mashambani mwao, nao wakafikia kwa jirani yetu. Siku risasi zilipotufuata mpaka mjini, tukakimbilia wote Kalundu, na yule binti alitupita njiani na beseni la unga kichwani, amekunja sketi kwa mkono mmoja, na unga haukumwagika. Kijana wangu aliacha kukimbia akabaki anamtazama. Ilibidi nimvute shati. Watu hupendea macho au mwendo wa madaha; wangu alipendea mbio.

Binti na watu wake walirudi kwao mambo yalipopoa, mahari ikazungumzwa, na yule mkuu wa askari akahamishwa pamoja na amri zake. Barabara ya tambarare ilifunguliwa. Wazee wa pande mbili wakakubaliana siku. Nikasema, sasa Uvira watanisikia.

Nilianza mazoezi palepale uwanjani kwetu. Ili uelewe, kutoka langoni kuna mlimao, mbele yake pipa la maji, mbele yake mpapai, halafu mlango wetu, ambapo mkeka ungetandikwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekaa nyumba ya nyuma, alijifanya bibi arusi. Alijifunika kitenge kichwani na kujikokota huku akinichungulia. Nikavuta pumzi, nikaanza, sauti ikapanda vizuri, ikang'aa. Kufika kwenye mpapai ikazima.

Wifi alisimama. “Eh! Imekatika?”

“Sauti imelala tu,” nikasema. “Wamenikataza mvua nzima. Hata panga lisiponolewa linashika kutu.”

Hilo lilituingia akilini sote wawili. Wifi alikuwa mwimbaji wa kwaya na alijua dawa ya sauti iliyolala. “Lamba chumvi ya mawe na tangawisi, wifi. Asubuhi na mangaribi. Shiye mu kwaya tunafanyaka vile.” Chumvi ndiyo kitu ambacho hakikukosekana nyumbani kwangu. Nilitembea na kipande kwenye pindo la kitenge, nikikilamba sokoni kama mtoto anavyolamba pipi. Juma lililofuata kigelegele kilikatikia kwenye pipa. Nikaongeza chumvi. Baada ya hapo kikaanza kukatikia kwenye mlimao, na mimi nikalazimika kushika shina lake ili nisikae chini, moyo unaruka kifuani kama ndagala iliyotolewa majini sasa hivi.

Utauliza kwa nini sikushtuka. Wewe hukuwepo. Moyo wa nani haukuruka miaka ile? Mlango ukibamizwa na upepo, mtaa mzima ulishika vifua. Miguu yangu ilikuwa inavimba jioni mpaka kandambili zinaacha alama, lakini nani hakuwa na miguu mibovu baada ya kutembea tulikotembea? Na ule mzigo. Kila nyumba ilikuwa na mzigo wake wa kukimbia nao: vitenge, sufuria ndogo, sabuni, karatasi za ubatizo, vyote vimefungwa kwenye shuka. Wetu ulikaa kichwani pa kitanda, na mimi nililala nimeuegemea, nusu nimekaa, ili nikisikia mlio niwe tayari. Vita vilipopoa, wengine wakafungua mizigo yao na kulala wamenyooka. Mimi nilijaribu, nikaona kama mtu amenikalia kifuani, nikaurudia mzigo wangu. Nilijiambia mimi ni mwangalifu kuliko jirani zangu. Hata nilijivunia.

Mganga mmoja wa dispanseri ya mtaani, kijana mwembamba wa miwani, alikuwa ameleta kitambaa ili mume wangu amshonee suti, maana naye alialikwa. Siku ya kujaribisha koti alikuta wifi na mimi tuko kazini. Alisimama kwenye kibaraza na mkono mmoja wa koti ukiwa bado umeshikizwa kwa pini, akatazama. Nilikatikia kwenye mlimao, nikaukumbatia.

Alikuja mpaka niliposimama. “Mama, munisamehe. Iyi sauti yako haiko na ugonjwa hata kidogo. Inasikilika mpaka ku ziwa. Pumuzi njo inakatika.” Akaangalia miguu yangu, kisha uso. “Usiku uko nalala na mito ngapi?”

Damu ilinipanda. Kijana niliyemwona utotoni akikimbia uchi mtaani, ananiuliza habari za kitandani, na mume wangu yupo! “Weye kijana, kitanda yangu inakuhusu nini?”

Cherehani ikanyamaza. Mume wangu akasema bila kuinua kichwa, “Haiko na muto, munganga. Iko nalalia ule muzigo ya kukimbia nayo. Minye namuambiaka vita ilipoa, anakataa.”

Wifi alicheka akajishika tumbo. Mganga hakucheka. Alichuchumaa na koti lake la pini, akaomba ruhusa kwa heshima, akabonyeza mguu wangu juu ya kifundo kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole shimo lilibaki, kama umechovya kidole kwenye bugali. Sote wanne tulilitazama shimo lile likikataa kujaa. Hapo wifi naye akaacha kucheka.

Kesho yake nilikwenda dispanseri nikiwa nimenuna, mume wangu nyuma yangu. Mganga alinifunga mkono kwa kile kitambaa kinachojazwa upepo, akapima, akafungua, akapima mkono wa pili. Akaweka chombo chake kifuani, akakisogeza kushoto, akakisogeza tena, kisha mgongoni, akaniambia nipumue kwa nguvu. Alikaa akisikiliza muda mrefu hata nikaanza kuomba Mungu.

“Mama, uko na tansiyo ya juu, ile presha ya damu, na haikuanza jana,” alisema. “Tansiyo haiumaki. Unaweza kuwa nayo miaka na unacheka. Lakini roho yako iko nasukuma damu kwa nguvu kila siku. Unajua bale bapagazi ba Kalundu? Anayebeba magunia kila siku anakuwa na mabega manene. Tunamusifu. Lakini siku zikipita yale mabega yanakuwa magumu, hayanyooki tena muzuri. Roho yako imeanza kuwa vile. Njo maana pumuzi inakatika, na maji inashuka ku miguu, na kulala chini inakushinda.”

“Nitakufa?”

“Sote. Lakini weye umekuja mapema. Iyi ni mwanzo. Ukimeza dawa kila siku, na ukiacha chumvi, itapumuzika.” Akanitazama juu ya miwani. “Uko nakula chumvi mingi?”

Mume wangu alinyoosha mkono, akafungua pindo la kitenge changu, akaweka kile kipande cha chumvi ya mawe juu ya meza. Kilikuwa kimelambwa mpaka kimekuwa laini kama sabuni ya kuogea. Mganga alikitazama, akavua miwani, na hapo ndipo hatimaye akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nami nikacheka. Nilikuwa nimejitibu koo ambalo halikuwa na ubaya, na dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiniua.

Kabla hatujatoka nilimuuliza habari ya kigelegele. Alifikiri. Akasema hanikatazi, lakini nisilazimishe: pumzi ikiisha niiache iishe. Ningeng'ang'ania kufika mkekani kwa nguvu, angeweza kuvaa suti yake mpya kwa kazi ya kunibeba.

Ndani ya nyumba nilipiga meza. Mtoto mmoja Mungu amenipa, arusi moja, na kigelegele kiishie kwenye mlimao! Wifi akasema labda apige yeye. Ee, nilimtolea maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia amengojea kiti changu tangu siku niliyoolewa, na kwamba ile chumvi alinipa makusudi. Yeye akanishika mikono yote miwili.

“Wifi,” akasema, “mu vita yote tulikimbia pamoja. Minye sikukuacha njiani, na weye hukuniacha. Leo nikuzike juu ya kigelegele?”

Nikalia. Yeye akalia. Mume wangu akaondoka kimya akaenda kutununulia ndizi, kwa sababu hakujua jambo lingine la kufanya. Tuliporudiwa na akili tulikubaliana hivi: nitameza dawa, nitaacha chumvi, na siku ikifika nitaanza mimi, na pumzi ikiisha, imeisha, na sufuria nitaziosha mwenyewe.

Basi nikaanza maisha ya mtu asiyekula chumvi, muuza samaki wa chumvi. Sombe, majani yetu ya muhogo, bila chumvi, maharage bila chumvi, ndagala nilizoloweka na kumwaga maji na kuloweka tena mpaka zikawa na ladha ya kamba ya katani. Kulikuwa na kidonge kimoja cha kunipeleka chooni, na mume wangu alisema kwa jinsi ninavyokimbia, wakija askari nitakuwa nimeshafika Burundi. Lakini miguu ilishuka. Asubuhi moja niliamka nikakuta nimeteleza kutoka kwenye mzigo, nimelala nimenyooka kama watu, na nimepumua. Nilibaki pale nikitazama bati la nyumba yangu, nikasikia furaha tupu. Mzigo tuliufungua siku hiyo. Karatasi za ubatizo zilikuwa na harufu ya sabuni.

Na kigelegele kikarudi polepole. Kikauacha mlimao, kikafika kwenye pipa. Siku za mwisho kilisogelea mpapai, na hapo kikagoma. Kutoka mpapai hadi mkeka sikuwa na kitu.

Siku ya arusi lori lilitoka tambarare na watu wamejaa hadi juu ya kabini, wakiimba. Vizuizi vyote njiani walivipita, na mpaka leo sijui walisema nini. Wakashuka shangazi za binti, wanawake wakubwa wa Kirundi wenye mashuka yao yamefungwa begani, wakatupangia binti yao langoni. Alikuwa amefunikwa kitambaa cheupe mpaka kiunoni. Shangazi mkubwa aliniambia kwa fahari kwamba wamemfundisha mwendo, maana walisikia huku mjini alionekana akikimbia hovyo. “Leo utaona,” akasema. “Atatembea mpaka muchoke.”

Nilimtazama mganga. Alikuwa amekaa mstari wa mbele ndani ya suti yake, ananitazama mimi, haangalii bibi arusi. Nilimtazama wifi. Nikapiga moyo konde, nikavuta pumzi, nikaanza.

Kilitoka. Ewe, kilitoka kama zamani! Watu waliokuwa wakiongea walinyamaza, na njiani watoto wakapanda ukuta. Na yule binti akaanza kujikokota, jinsi alivyofundishwa: mguu, kupumzika, mguu, kupumzika. Shangazi zake wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Tulifika mlimao. Tulilipita pipa, na nikaanza kuona mwisho wa pumzi yangu kama unavyoona chini ya mtungi. Nilisikia wifi nyuma yangu akinong'ona, “Wacha, wifi, wacha.” Mpapai ukafika. Sauti yangu ikaanza kuwa nyembamba.

Kile kitambaa cheupe kikageuka upande wangu. Sikuona uso, niliona tu kwamba amesikiliza. Kisha mkono mmoja ukatoka, ukakunja gauni la arusi juu ya magoti, na yule binti akakimbia. Mbele ya wazee wa pande mbili alikimbia kutoka mpapai mpaka mlangoni, kitambaa kinapepea nyuma yake, akajitupa mkekani akakaa chini kwa kishindo. Kigelegele changu kilikuwa bado hakijakatika. Kiliisha alipokwisha kukaa.

Shangazi mkubwa akashika kichwa. “Mutoto, unatupatisha haya!” Halafu kijana wangu, bwana arusi mzima, akaanza kucheka, na uwanja wote ukaanguka. Mume wangu alikuwa amekaa chini anafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha suti. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kijana alikuwa amemweleza mchumba wake kila kitu, moyo, mlimao, pipa na mpapai, na kwamba hakumwomba chochote.

Nilikwenda mkekani polepole, nikapiga magoti mbele yake. Akainua pembe ya kitambaa. Jasho lilimtoka, na macho yake yalikuwa na wasiwasi.

“Mama,” akaniuliza kwa sauti ndogo, “pumuzi ilifika?”

Miaka yote ile tulikimbia, na ni mara ya kwanza niliona mtu anakimbilia nyumbani kwangu. Nilitaka kumwambia hivyo, na nilitaka kumwambia kwamba ilifika. Lakini sikuwa na pumzi hata ya neno moja. Basi nikachomoa leso yangu kifuani, nikaipunga juu ya kichwa chake, na nyuma yangu nikasikia wifi anachomoa yake, na mwingine, na mwingine, mpaka uwanja wote ukawa mweupe.